Siku Haina Nuhusi, Jirani Ana Haki



Chukua tarehe moja tu ya kalenda, 7 Aprili, uone ilivyobebeshwa mambo. Mwaka 1948 siku hiyo katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kufanya kazi, na ndiyo maana mpaka leo inaitwa Siku ya Afya Duniani. Mwaka 1954 alizaliwa Hong Kong mtoto ambaye sisi tulikuja kumjua katika vibanda vya video kwa jina la Jackie Chan. Mwaka 1971 alifariki Dar es Salaam Josina Machel, mpiganaji wa FRELIMO, akiwa na miaka 25, na Msumbiji ikaifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Mwaka mmoja baadaye, 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi Kisiwandui, Unguja. Na mwaka 1994, baada ya ndege iliyowabeba marais wa Rwanda na Burundi kutunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6, mapambazuko ya tarehe 7 yaliikuta Rwanda imeshaingia katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Siku 100 zilizofuata ziliondoka na zaidi ya watu laki 8 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda.

Hapa chuoni kwetu Uganda, ambapo bweni moja huweza kulaza Mnyarwanda, Mrundi, Mtanzania na Mganda, tarehe hiyo haipiti kimya. Ukifungua status za WhatsApp asubuhi yake utaona mshumaa wa Kwibuka, chini yake picha ya Mzee Karume, na chini yake tena keki ya mtu aliyetimiza miaka 22. Hapo ndipo maswali huanza. Yuko anayesema siku hii ina mkosi. Yuko anayesema aliyezaliwa siku kama hii lazima ana jambo kubwa mbele yake. Na yuko anayesema siku ni siku tu, kila mtu na yake, anayelia alie na anayecheza acheze.

Nataka kuonyesha kwamba kauli zote tatu zimekosea. Mbili za kwanza zinaipa siku kisichokuwa chake, na ya tatu inamnyima jirani kilicho chake.

Tuanze na tukio lililomgusa Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe. Mwaka wa 10 Hijria alifariki mwanawe Ibrahim, aliyezaa na Maria al-Qibtiyya, mtoto ambaye hata miaka 2 hajatimiza. Siku ile ile jua likapatwa. Wanafalaki waliopiga hesabu za kurudi nyuma wanalitaja kuwa lile la 27 Januari 632. Watu wa Madina wakaunganisha mambo mawili yaliyokutana: jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Tafakari, ndugu yangu. Baba amefiwa, na mbingu inaonekana kana kwamba inalia pamoja naye. Lau angekuwa mtu anayetafuta utukufu, hapakuwa na saa nzuri zaidi ya kunyamaza na kuwaacha watu waamini. Hakunyamaza. Aliwasalisha sala ya kupatwa kwa jua, kisha akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, na havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa yeyote.

Katika hadithi hii, iliyomo katika Bukhari na Muslim, umo msingi wote. Mambo mawili kukutana siku moja si ushahidi kwamba moja limelizaa lingine, wala kwamba siku ile ina siri. Ikiwa kifo cha mwana wa Mtume hakikuigeuza siku, basi kuzaliwa kwako na kwangu hakuigeuzi.

Hata hesabu ya kawaida inatosha kutuamsha. Dunia ina watu zaidi ya bilioni 8. Ukiwagawa kwa siku 365, kila tarehe inaangukiwa na watu zaidi ya milioni 20 waliozaliwa siku hiyo. Milioni 20 hao watakuwa na nyota moja vipi, ilhali miongoni mwao yuko mwizi na yuko hafidh, yuko tajiri na yuko anayelala njaa? Wataalamu wa hesabu wanatuonyesha pia kwamba mkikusanyika watu 23 tu darasani, uwezekano wa wawili wenu kuwa na tarehe moja ya kuzaliwa unazidi nusu. Kwa hiyo yanapokutana mambo, mshangao uwe mdogo. Ajabu ingekuwa yasikutane.

Tena kalenda yenyewe ni mapatano ya watu. Siku tunayoiita 7 Aprili 1994 iliangukia mwishoni mwa Shawwal 1414 Hijria. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11, hivyo tarehe hizo mbili ziliachana mwaka uliofuata tu. Mnyarwanda Muislamu aliyefiwa siku ile akihesabu kwa mwezi atamkumbuka mzazi wake siku moja, akihesabu kwa jua atamkumbuka siku nyingine. Kama mkosi ungekuwa umekaa ndani ya siku, ungekaa katika ipi kati ya hizo mbili?

Na kwa kuwa tumeutaja Shawwal, tukumbuke kwamba Waarabu wa zama za ujinga waliuchukia mwezi huo kwa ndoa. Mama wa Waumini Aisha (r.a.) alikuwa akiwajibu kwa maisha yake mwenyewe: Mtume alimuoa Shawwal, akaingia kwake Shawwal, na ni nani katika wakeze aliyekuwa na hadhi kuliko yeye? Vivyo hivyo waliuogopa mwezi wa Safar, na Mtume akaikanusha hofu hiyo. Pamoja na hayo, mpaka leo wako katika pwani yetu na bara yetu wasiosafiri Jumatano ya mwisho ya Safar, na wanaolipa pesa kwa wapiga ramli ili wachaguliwe siku ya harusi.

Hapa msomaji makini atanipinga, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema: mbona dini yenyewe inazitukuza siku kwa matukio yake? Ijumaa tumefundishwa kuwa ni siku bora iliyochomozewa na jua, na hadithi inataja kwamba siku hiyo aliumbwa Adam, siku hiyo aliingizwa Peponi, siku hiyo alitolewa, na siku hiyo Kiyama kitasimama. Jumatatu Mtume alipoulizwa kwa nini anaifunga, alijibu kwamba ndiyo siku aliyozaliwa na ndiyo siku aliyoteremshiwa wahyi. Ashura tunaifunga kwa sababu Allah alimuokoa Musa (a.s.) na watu wake. Na Qur'ani katika Surat Fussilat inazitaja siku za kaumu ya Aad kwa neno la Kiarabu ambalo ndilo lililozaa neno letu la Kiswahili, nuhusi. Je, siku si kitu?

Jibu la kwanza ni kwamba siku ikitukuzwa na wahyi, tunaitukuza kwa kuwa Mwenye siku ametuambia. Sisi hatuna ruhusa ya kujumlisha matukio wenyewe kisha tukatoa hukumu ya ghaibu. Bila wahyi, kinachobaki mkononi ni dhana.

Jibu la pili ni kuziangalia siku hizo kwa utulivu. Ijumaa imebeba kuingia Peponi na kutolewa Peponi, uhai wa mwanzo na Kiyama, na bado ni bora. Jumatatu, aliyozaliwa Mtume, ndiyo Jumatatu aliyofariki. Ashura, aliyookolewa Musa, ndiyo siku ambayo mwaka 61 Hijria Husein, mjukuu wa Mtume, aliuawa Karbala. Kama siku ingekuwa na tabia yake, ya heri au ya shari, zisingebeba vyote viwili. Na tunachoamrishwa katika siku hizo ni amali: kusali, kufunga, kushukuru. Hatukuambiwa tukae tungoje bahati ishuke.

Jibu la tatu ni kuhusu Aad, na hili ndilo lililo zito zaidi kwangu. Upepo uliwaangamiza kwa mausiku saba na siku nane. Lakini siku zile zile, Nabii Hud (a.s.) na walioamini pamoja naye waliokolewa. Ndiyo maana wafasiri husema nuhusi ile ilikuwa juu yao kwa sababu ya kukadhibisha kwao, wala haikuwa ndani ya siku zenyewe. Jua moja, upepo mmoja, wako waliokufa na wako waliookoka. Kilichotofautiana ni matendo.

Sasa turudi Rwanda kwa kipimo hicho. Anayesema 7 Aprili ina mkosi anadhani anawahurumia waliokufa. Kwa kweli anawapunguzia mzigo waliowaua. Siku haikuandika orodha za majina. Siku haikushika kipaza sauti cha redio kuwaita watu mende. Siku haikuweka vizuizi barabarani na kudai vitambulisho, wala haikuinua panga. Yote hayo yalifanywa na watu wenye akili timamu, waliojua majina ya majirani zao na ya watoto wa majirani zao. Ukiipa siku lawama, umewapa wao udhuru. Hii ndiyo hatari ya nuhusi: inahamisha dhambi kutoka kwa mtendaji na kuipeleka kwenye kalenda, mahali ambapo hakuna wa kuulizwa.

Na katika siku zile zile, nchini humo humo, wako waliofungua milango. Ni jambo linalojulikana kwamba Waislamu wengi wa Rwanda, waliokuwa wachache na wasio na nguvu serikalini, waliwaficha majirani zao majumbani na misikitini, na wengine walilipa kwa roho zao. Hatusemi hivyo kwa kujisifu, maana kila mmoja atasimama na amali yake, na jina la dini peke yake halikumzuia kila mtu. Tunasema ili ieleweke kwamba 7 Aprili 1994 ilimpa kila mtu saa 24. Mmoja alizitumia kuua, mwingine kuokoa. Usiku wa siku hiyo hiyo mmoja alikuwa ameandikiwa damu ya nafsi isiyo na hatia, ambayo Qur'ani inailinganisha na kuua watu wote, na mwingine ameandikiwa uhai wa nafsi, unaolinganishwa na kuhuisha watu wote.

Mtume alitukataza kuitukana dahari, kwa kuwa Allah ndiye anayeugeuza usiku na mchana. Zamani nilidhani katazo hili ni la adabu ya ulimi tu. Nikilitazama kwa Rwanda naona linalinda haki pia: usiutukane wakati, mtafute aliyetenda, naye awajibike.

Baada ya kuisafisha siku, inabaki kauli ya tatu: basi siku ni siku tu, kila mtu na yake. Vijana wengi tunaipenda kauli hii kwa sababu inatuweka huru. Anayeitoa huongeza hoja ya dini: Waislamu tuna Idi mbili, hizi kumbukumbu nyingine hazituhusu.

Ni kweli hatuna ruhusa ya kuzusha ibada. Lakini kukumbuka si lazima kuwe ibada iliyozushwa. Nabii Musa aliamrishwa awakumbushe watu wake siku za Allah, yaani yale yaliyowapata ya neema na ya mitihani. Abubakar (r.a.) alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho alimuuliza bintiye Aisha Mtume alifariki siku gani. Akaambiwa Jumatatu. Akauliza leo ni siku gani. Akaambiwa Jumatatu. Akatarajia afe kabla ya usiku kwisha. Hakuna anayeweza kumtuhumu Abubakar kwamba aliamini nyota. Lile lilikuwa penzi, na penzi huzikumbuka siku. Aliyefiwa na mama tarehe 7 Aprili haihitaji fatwa ili tarehe hiyo imchome moyo. Inamchoma bila kuomba ruhusa.

Swali basi ni moyo wa mwenzako uliochomwa una haki gani kwako. Mtume alisimama jeneza lilipopita. Akaambiwa kwamba lile ni jeneza la Myahudi. Akauliza: kwani hiyo si nafsi? Hakuwa ndugu yake wa dini, na msiba haukuwa wake, lakini alisimama. Na kuhusu jirani, alisema Jibril aliendelea kumuusia mpaka akadhani atampa fungu katika mirathi. Jirani aliyekaribia kurithi mali yako atakosaje fungu katika sauti ya redio yako siku anapolia?

Mfano wake tuliupata mwaka 2024. Rwanda ilikuwa inatimiza miaka 30. Tarehe 7 Aprili iliangukia siku za mwisho za Ramadhani, na Idul Fitri ikawa tarehe 10, katikati ya wiki ya maombolezo ya taifa, ambayo huanza tarehe 7 na kwisha tarehe 13. Muislamu wa Rwanda alikuwa na amri ya furaha kutoka kwa Mola wake, kwani siku ya Idi hata kufunga ni haramu, na mlango wa pili alikuwa na jirani aliyewasha mshumaa. Wengine, Waislamu wenyewe, walikuwa na vyote viwili ndani ya nyumba moja: takbiri mdomoni na picha ya marehemu ukutani.

Je, afiche Idi? Hapana, Idi ni ya Allah. Je, apige muziki hadi usiku kwa hoja kwamba dini imemruhusu kufurahi? Hapo ndipo tunapopimwa ufahamu wetu wa dini. Kitu cha kwanza katika Idi ya Fitri ni zaka, na hutolewa kabla ya sala ili maskini asiamke siku ile akiwa na njaa. Furaha ya Kiislamu imejengwa ipitie kwanza mlango wa mwenye shida, ndipo irudi kwako. Ikiwa tumefundishwa kuangalia tumbo la jirani kabla ya kufurahi, tutashindwaje kuuangalia moyo wake? Takbiri inasomwa, chakula kinapikwa, sahani inapelekwa kwa aliyefiwa, na sauti inashushwa. Hakuna sunna iliyovunjwa, na hakuna jirani aliyedharauliwa.

Vivyo hivyo kwa aliyezaliwa 7 Aprili. Masheikh wametofautiana kuhusu sherehe za siku ya kuzaliwa: wako wanaozikataza kwa kuwa ni kuiga wengine, na wako wanaoziona ni ada inayojuzu ikisalimika na haramu. Mwenye kufuata kauli yoyote kati ya hizo bado ana jambo moja asilokatazwa na yeyote: kumshukuru Mola aliyempa uhai. Mtume aliishukuru Jumatatu yake kwa kufunga. Wewe unaweza kushukuru kwa sala, kwa sadaka, kwa kumpigia simu mama aliyekubeba miezi tisa. Huna haja ya kuona haya kwamba ulizaliwa siku wengine waliyokufa. Hukuichagua, na siku haikukosa. Lakini kama unayeshiriki naye chumba ni yatima wa mwaka 1994, au ni mtoto wa yatima huyo, keki yako inaweza kungoja jioni nyingine bila kupungua utamu. Ukimuuliza majina ya jamaa zake na ukamsikiliza mpaka mwisho, umeipamba siku yako ya kuzaliwa kuliko puto zote za dukani.

Wala haki hii haina kabila wala mpaka. Mrundi anayemkumbuka Rais Ntaryamira tarehe 6 Aprili, Mzanzibari anayeomba dua Kisiwandui, mwanamke wa Msumbiji anayevaa kapulana yake kumuenzi Josina Machel, wote wana fungu lao la heshima. Kumbukumbu si mashindano ya msiba upi ni mkubwa. Na anayekumbuka naye asigeuze kumbukumbu kuwa silaha ya kuamsha chuki, maana hapo atakuwa anaitumia siku ile kama walivyoitumia wale aliowalaani.

Qur'ani inatueleza kwamba ardhi itatikiswa, kisha siku hiyo itatoa habari zake, iseme kila kilichotendwa juu ya mgongo wake. Hapo hakuna atakayeulizwa alizaliwa tarehe ngapi, wala nani maarufu alizaliwa naye siku moja. Uzito wa chembe ya heri utaonekana, na uzito wa chembe ya shari utaonekana. Tarehe 7 Aprili nyingine itakuja, ikiwa nyeupe kama karatasi, na kila mmoja wetu atakabidhiwa kalamu.

Allah awarehemu wote waliouawa bila haki, awape subira waliobaki, na atujaalie kuwa funguo za heri katika siku zetu. Amin.

Wallahu a'lam.